Vyuma vya Mama Feza Juu ya Vyumba Vyetu

Mwanangu Zawadi,

Mama yako yuko jikoni anakupondea ndizi za lituma za njiani, na kila baada ya muda ananipigia kelele dirishani nisisahau kukuandikia habari za chandarua, za kuchemsha maji, na za kutokukaa kwenye ukingo wa baleinière. Sitaziandika. Ameshakuambia yote mara tatu, na mara ya nne utayasikia kesho asubuhi pale bandarini mbele ya abiria wote, kwa hiyo jiandae kuona haya. Mimi karatasi hizi nimezinunua kwa jambo lingine. Wewe umekwenda kuaga kwa tonton, mjomba wako Bangboka, na hutarudi kabla ya jioni. Nataka niwe nimemaliza, kwa sababu nikikuona usoni nitaichana barua hii na kukuambia safari njema tu, kama baba yeyote.

Nina aibu, Zawadi. Naiandika hapa juu kabisa ili nisipate nafasi ya kuizungukazunguka.

Nianzie siku ile ulipotetea kazi yako ya mwisho shuleni. Nilikaa safu ya pili, nimevaa shati la mistari ulilonichagulia, kola imenibana shingo. Ukasimama mbele ya maprofesa watatu, ukaanza kwa kusimulia kwamba ulipokuwa mdogo ulimsikia baba yako, maçon, yaani fundi wa kujenga, akieleza jinsi nyumba ya mama mmoja wa hapa Simi-Simi ilivyoanguka kwa sababu ya matofali yasiyoiva, na kwamba tangu hapo ulitaka kujifunza ujenzi ili nyumba za watu zisiwaangukie. Ukasoma mpaka jina la mwenye tanuru: Saidi. Watu wakageuka kuniangalia, wakapiga makofi. Mama yako akanifinya goti kwa furaha. Mimi nilitazama viatu vyangu mpaka ukamaliza.

Matofali yale yalikuwa mazuri. Nilikuwa nimeyagonganisha mwenyewe, mawili mawili, na yalilia vizuri kama matofali yaliyoiva.

Mama Feza unamfahamu. Ni yule mama anayechechemea, anayeuza mbika, zile mbegu za maboga, kwenye njia ya kanisa, ambaye kila Pasaka mimi humpelekea mchele na ninyi nyumbani husema Papa ana roho nzuri. Nyumba iliyoanguka ilikuwa yake. Hukuambiwa hivyo kwa sababu mimi nilihakikisha huambiwi. Nilisema tu “mama mmoja”, na nyumba nzima ikazoea.

Alikuwa mjane kijana, na wewe ulikuwa hujaanza hata kukaa. Vita vilikuwa vimeisha juzijuzi na mizigo kutoka Kinshasa ilianza tu kupanda tena mto, kidogokidogo. Simenti ungeweza kuipata ukihangaika. Vyuma vya zege, hizo fer, vilikuwa shida kweli. Mama Feza alivikusanya kimoja kimoja kwa mwaka mzima. Akisikia mashua imefika anaacha biashara yake anakwenda, kisha unamwona anarudi na toleka, mtu wa baiskeli ya kukodi, chuma kimefungwa ubavuni mwa baiskeli, na yeye anatembea nyuma akishika ncha yake isiburute chini. Parcelle yake, yaani kiwanja chake, haikuwa na mlango wa kufunga, kwa hiyo vyuma vililala kwangu. Ndiyo desturi yetu, utaikuta na huko Basoko unakokwenda kufanya kazi: vifaa vya mwenye nyumba hulala kwa maçon. Hakuna heshima kubwa kuliko hiyo ambayo mtu anaweza kumpa fundi.

Mama Feza alikuwa na ramani iliyochorwa na kijana mmoja wa ofisi, maneno yote Kifaransa. Hakusoma sana, lakini alitaka kujua anajenga nini. Kila siku aliniletea neno moja. Nilimweleza fondation, kwamba tunachimba mpaka tuukute udongo usiobonyea, hata kama ni kesho kutwa. Nilimweleza semelle, kile kitanda cha zege tunachokilaza chini ya mtaro ili ukuta usizame upande mmoja. Soubassement, ile sehemu ya ukuta kutoka ardhini mpaka sakafuni, inayopigana na unyevu ili sisi tusipigane nao. Linteau, boriti inayopita juu ya mlango, ili matofali ya juu yasiukalie ubao wa mlango. Alikuwa anayarudia maneno hayo huku akicheka, na siku moja nilimsikia akimfundisha jirani yake linteau ni nini, kwa mikono miwili. Mwanangu, nilikuwa maçon mzuri siku zile. Nataka ujue na hilo, ingawa linaniumiza zaidi.

Siku moja akaja na neno la juu kabisa kwenye ramani.

“Papa Zawadi, na hii chaînage iko nini? Naona banaandika fer mingi hapa.”

Wakati huo nyumba yetu hii, unayotoka kesho, ilikuwa na kuta tupu zimesimama kimo kilekile cha zake. Mama yako na wewe mlikuwa mnalala kwenye baraza ya mjomba wake, mvua zilikuwa zinakuja, na mimi sikuwa na chuma hata kimoja. Vyuma vya Mama Feza vilikuwa vimelala nyuma ya nyumba yangu. Nilikuwa nimeshavipima kwa macho mara nyingi. Alipouliza, nilijua kwamba nikimweleza, atakuja kuangalia. Nikamjibu:

“Bon, Mama, ile iko mambo ya technique. We acha tu. Ukiuliza kila neno, hii chantier ya nyumba itaisha lini?”

Mafundi wawili wakacheka. Mama Feza akakunja ramani yake.

“Pardon, papa,” akasema.

Aliniomba msamaha. Miaka yote hii, katika mambo yote niliyofanya, hilo ndilo linaloniamsha.

Sasa nakuandikia jibu ambalo sikumpa, ingawa wewe umelisoma darasani kuliko mimi. Chaînage ni mshipi wa nyumba. Kuta nne ukiziacha hivihivi ni watu wanne waliosimama kila mmoja peke yake. Upepo ukiinua mabati, mbao za paa zinavuta ukuta, na ukuta hauna wa kuushika. Kwa hiyo juu ya kuta, kabla ya paa, unazungusha vyuma vinne vilivyofungwa kwa vipete vya chuma chembamba, kona zote zimeunganishwa, unamwaga zege. Hapo kuta zinakuwa kitu kimoja. Ni maneno machache tu. Ningeyasema kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, na angeelewa, na angeniuliza mambo mengine mawili ya maana.

Badala yake nilitumia asubuhi tatu. Nilivihamisha vyuma vyake na kuvifunga juu ya nyumba yangu. Kwake, mahali pa chaînage, nililaza mistari miwili ya matofali kwa udongo mzito wenye simenti, nikapaka crépissage. Crépissage ni ngozi ya nyumba, ile simenti tunayopaka juu ya ukuta, na ikishapakwa hata maprofesa wako hawawezi kujua ndani kuna nini. Ukikutana na mwenye nyumba anayetaka kuona kila kitu kabla ya crépissage, anayekusumbua, anayepanda ngazi na viatu vyake vichafu, usimkunjie uso. Mimi namshukuru Mungu kwa kila mtu wa namna hiyo niliyekutana naye baadaye. Walinizuia nisiwe mtu mbaya tena.

Paa lake lilishika msimu mmoja wa mvua. Katika msimu wa pili, saa nane ya mchana, upepo ulikuja kutoka upande wa mto. Mabati yaliinuka, yakavuta pignon, ule ukuta wa pembeni wenye ncha ya pembetatu, na ukuta ukaangukia ndani. Mama Feza alikuwa sakafuni anachagua maharage. Mguu ulivunjika mahali pawili.

Nilifika wa kwanza, maana nilianza kukimbia nilipoona tu upepo ule. Tulipomtoa, watu walikuwa wameshajaa, na Papa Saidi alikuwa anakuja kutoka tanuruni na tope mpaka magotini, anaita jina la Mama Feza. Niliwaona watu wote wananiangalia. Unajua kwamba katika kila tanuru matofali ya pembeni, yasiyopata moto sawasawa, hayaivi. Maçon huyatenga, na mimi niliyatenga, kirundo kilikuwa bado palepale uani. Nilichukua moja kutoka kwenye kirundo kile. Nikaliinua juu watu walione, nikaliachia. Likapasuka likawa vumbi.

“Muangalie!” nikasema. “Hii iko tofali ao iko udongo? Matofali ya Saidi, hii!”

Saidi alisimama pale, akilitazama vumbi lile. Wakati huo nilifikiri ameshikwa na woga, na nikafurahi.

Hakuna aliyenunua tofali kwake tena. Tanuru lilibomoka lenyewe kwa mvua. Akanunua baiskeli, akawa mtu wa toleka, kazi ya vijana, na yeye hakuwa kijana. Ulipokuwa darasa la kwanza kulikuwa na siku ya mvua kubwa, na toleka mmoja alikuleta mpaka mlangoni umefunikwa kwa plastiki yake, yeye mwenyewe amelowa kabisa, akakataa kulipwa. Ulimsifu wiki nzima. Ukaniuliza kwa nini sikutoka kumshukuru. Nilikuwa nimejificha chumbani, Zawadi. Alikuwa ni Saidi.

Ulipolisoma jina lake mbele ya watu wale, nilielewa kwamba uongo wangu ulikuwa haujakaa mahali pamoja kunisubiri nife nao. Ulikuwa umekua, umekwenda shule, na sasa unapanda baleinière kwenda kusimamia chantier ya watu. Ijumaa iliyopita, Saidi alipotoka msikitini, nikamfuata mpaka kwake. Nikaanza kusema, nikakwama. Akanisaidia.

“Iko mambo ya fer?” akauliza.

“Ulijua?”

“Nilijua. Siku ile, kisha munamubeba mama hôpital, niliingia mule ndani. Nikatafuta fer kwa ile matofali, hata moja ya kidole. Haikukuwa.”

“Alors juu ya nini haukusema?”

“Nani angeniamini? We ulikuwa maçon, mi nilikuwa mutu wa tope.” Akavua kofia yake, akaikunja. “Tena jioni nilipita kwako, na hasira, na machete, nisikufiche. Nikaona bibi yako, mama ya Zawadi, anaanika nguo ya mutoto. Nikasema, bon, ile fer iko juu ya mutoto. Nikarudi.”

Nikapiga magoti. Akanivuta mkono kwa nguvu, amekasirika kweli.

“Simama, papa. Usiniombe mi pardon, mi nimezeeka nayo. Mwambie mutoto. Ni yeye aliniandika kwa buku.”

Ndiyo sababu unaisoma barua hii. Si kwamba nilikuwa jasiri. Ningekuwa jasiri ningekuambia nilipokuwa bado na miaka mingi ya kukutazama. Mpango wangu wa kwanza ulikuwa kuificha ndani ya begi lako, uikute ukiwa umeshafika mbali mtoni. Nimeuacha. Nitakupa mkononi leo hii ukiingia, na nitakaa barazani, na unaweza kutoka nje au usitoke.

Mama yako nilimwambia siku ileile ya Ijumaa. Siku mbili aliniwekea sahani mezani na kwenda kula jikoni. Siku ya tatu akaniuliza, akitazama dari: “Ile fer iko hapa juu yangu miaka yote hii, na mi nalala chini yake?” Nikasema ndiyo. Akasema: “Basi, na hatuwezi kuitoa. Ukiitoa nyumba inaanguka.” Akaenda kumimina maji. Aliporudi alikuwa ameshafika mwisho wa jambo lenyewe, mbele yangu, kama kawaida yake. “Kama fer haitoki, nyumba ndiyo iende.”

Jumatatu nikaenda kwa Mama Feza. Anaishi chumba cha kupanga nyuma ya duka, na sakafu yake inatoa maji. Alikuwa anamenya mbika. Nilimweleza yote, mpaka lile tofali nililoliangusha. Nilitegemea atalia au atanipiga. Nilikuwa tayari kwa vyote viwili. Akauliza tu:

“Donc haikukuwa Saidi?”

“Hapana, Mama. Ilikuwa mimi.”

“Miaka hii yote,” akasema, “minapita mbele yake, sijamusalimia. Alikuja hôpital na ndizi, nikamufukuza.”

Akachukua fimbo yake, akatoka, akaelekea kwa Saidi, akaniacha peke yangu uani kwake na ungo wa mbika. Sikujua nifanye nini. Nikaendelea kumenya. Nilikaa pale saa moja na zaidi nikimenya mbika za mtu niliyemvunja mguu, na nikajua kwamba nilikuwa nimeiba kitu kingine ambacho sikuwahi kukihesabu: nilikuwa nimemnyang’anya mtu aliyemjali, wakati ule alipokuwa anamhitaji kuliko wakati wowote.

Aliporudi nikamwambia tulichoamua mimi na mama yako, kwamba achukue nusu ya mbele ya parcelle yetu pamoja na vyumba viwili vya mbele. Hakushukuru, na ningeona vibaya kama angeshukuru. Alisema, “Mi sitaki maneno yako tena. Nataka papier, karatasi ya nyumba.”

Juzi tulikuwa kwa chef de quartier, mkuu wa mtaa, sisi watatu. Nilimletea Mama Feza neno moja moja, kwa Kiswahili na kwa Lingala, na pale nilipoona bado hajaelewa nilichora chini kwa kijiti. Kwamba ile fiche parcellaire ya chef inaonyesha tu nani anakaa wapi, na watu wengi hapa mjini wanaiweka sandukuni wakidhani wana nyumba, mpaka anakuja mtu mwenye certificat d’enregistrement kutoka ofisi ya hati za ardhi na kuwatoa nje. Kwamba kugawa parcelle kuwa mbili kunaitwa morcellement, na lazima mpimaji wa ardhi wa cadastre aje na kamba yake, apande bornes, yale mawe ya simenti ya mpakani, na kila upande upate certificat yake yenye jina lake. Kwamba ukuta utakaokuwa kati yake na sisi unaitwa mitoyen, ni wake na ni wetu, na mimi siwezi kuutoboa hata tundu la msumari mkubwa bila kumuuliza. Aliuliza maswali mpaka chef akaanza kupiga miayo. Nikamwomba chef avumilie. Mama yako akasaini chini ya jina langu, kwa sababu nyumba ya watu waliooana haiwezi kutolewa na mmoja peke yake, na hilo pia Mama Feza alitaka kuelezwa lina maana gani.

Mpimaji atachelewa, unawajua. Lakini mkono wangu umeshaandika.

Huko Basoko atakuja mtu kwenye chantier yako, pengine mama mwenye kapu la samaki, atakuuliza hivi vyuma vyote ni vya nini. Mafundi watacheka. Nafikiri wewe utasimama umweleze, lakini nafikiri hivyo kwa sababu nakufahamu, si kwa sababu nimekufundisha. Kuhusu ukurasa ule wa kazi yako wenye jina la Saidi, sina haki ya kukuambia uufanye nini. Papa Saidi hurudi kwake saa kumi na mbili jioni, akaweka baiskeli ndani. Sikumwahidi kwamba utakwenda.

Bado jambo moja, na ndilo nililiogopa zaidi, kwa kuwa hapa nimekunyang’anya na wewe bila kukuuliza. Nyumba ni vyumba vinne. Vyumba viwili vya mbele, kimoja ni sebule. Cha pili ni chako. Mama Feza anaingia Jumapili. Mama yako atavikunja vitu vyako taratibu, na vitakaa kwetu nyuma, na kitanda chako kitabaki pale kwa sababu yeye hana. Ukikasirika utakuwa na haki, na usinifiche.

Ukirudi kwa likizo, usisukume mlango ule kama ulivyozoea. Piga hodi, ungoje mpaka afike, maana anatembea polepole. Akikukaribisha, vua viatu ndipo uingie. Ni kwake.

Baba yako